Nguzo, Fito na Udongo wa Kichuguu

Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, huanza kujengwa msituni. Kabla shimo la kwanza halijachimbwa, kabla maji hayajachotwa wala udongo haujakanyagwa, fundi ameshatembea kutwa nzima katika miombo akitazama juu. Anatafuta mahali ambapo shina limegawanyika matawi mawili yenye nguvu sawa, kwenye kimo kinachozidi kidogo kichwa cha mtu, ili panda hiyo ije ipokee boriti na kuishika bila msumari. Panda nyembamba hupasuka ikilemewa. Panda iliyofunguka sana huiacha boriti ikicheza. Na panda yenye tawi moja nene na jingine dogo itaanza kulala upande mmoja, polepole, mpaka siku ambapo paa lote litaonekana limekengeuka na hakuna atakayekumbuka kosa lilianzia wapi.

Ipole wanaijua miti. Kijiji hiki kiko kusini mwa Sikonge, pale ambapo barabara itokayo Tabora inagawanyika: moja inashika njia ya Koga hadi Mpanda, nyingine inaelekea Rungwa na kushukia Mbeya. Zamani huku ndiko Unyamwezi ulikokutana na Ukimbu, na msitu uliwazidi watu kwa mbali sana. Msafiri wa basi huona miti ileile saa baada ya saa. Mrina asali wa Ipole, anayehamia porini na mizinga yake kwa majuma mengi, huona mtundu, muba, myombo, mninga, mkora, mlama, mpingo, kila mmoja na kazi yake na ubaya wake. Ninapotaka kueleza ufundi wa tembe naanzia kwake, kwa sababu nusu ya ufundi huo ni kujua mti upi uguswe na upi uachwe, na elimu hiyo bado inaishi katika kambi za asali hata pale ambapo nyumba zenyewe zimetoweka.

Tuchukue mninga. Watu wengi wanaufahamu ukiwa kitanda au kabati, lakini mti wenyewe una maisha ya ajabu. Mbegu yake hulala katikati ya tunda la duara lenye nywele ngumu, lililozungukwa na ukingo mpana ambao upepo unaushika na kuurusha. Mche ukiota, kwa miaka mingi ya mwanzo hufa juu ya ardhi kila kiangazi. Moto wa nyika ukipita huuteketeza, ng'ombe akipita huukanyaga, na huku chini mzizi unaendelea kunenepa. Siku mzizi umeshiba nguvu ndipo shina hupanda, safari hii bila kurudi. Kufikia unene wa kupasuliwa mbao, mti huo huwa umekula miaka mingi kama umri wa mtu mzee. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, na ndani yake kuna miti miwili: nje mbao nyeupe ambayo dumuzi na mchwa huipenda, ndani kiini chekundu ambacho mchwa hukionja na kukiacha.

Kwa hiyo nguzo ya mninga isiyochongwa ni mtego. Inaonekana nene, inaonekana imara, lakini sehemu kubwa ya unene huo ni chakula cha wadudu. Fundi mwenye subira huchukua shoka na tezo akauondoa weupe wote mpaka kiini kitoke, hata kama nguzo itabaki na nusu ya unene wake wa mwanzo. Kisha mguu wake, sehemu itakayozikwa, huupitisha kwenye moto mpaka ufanye ganda jeusi la mkaa. Mkaa hauliwi. Kijana anayefundishwa kazi hii huona uchungu kuutupa mti mwingi hivyo, na ndiyo maana nyumba za haraka zilianguka haraka.

Kukata nako kuna wakati wake. Mti hukatwa kiangazi, majani yakiwa yamepukutika na maji yamepungua shinani, kisha huachwa kivulini ukauke kidogo kidogo. Uliokatwa masika na kusimamishwa mbichi hujikunja ukiwa tayari ndani ya nyumba, na hapo boriti husogea na udongo wa juu hupata ufa.

Kamba hutoka kwenye myombo. Gome la ndani la myombo mchanga huchunwa kwa urefu, likiwa bichi, likafungwa likiwa na unyevu. Likikauka hujikaza kuliko mkono ulivyolikaza. Msumari hukaa kwenye mti kwa nguvu, na mti ukitanuka na kusinyaa, msumari hulegeza tundu lake. Kamba ya gome husogea pamoja na mti. Warina asali huifahamu kamba hii, kwa sababu ndiyo wanayotundikia mizinga juu kabisa ya miti, mahali ambapo ikikatika wanapoteza asali na pengine maisha.

Sasa nyumba. Mistari huchorwa ardhini, mara nyingi mstatili mrefu mwembamba. Familia ikikua, mistatili hiyo huongezwa pembeni mpaka inazunguka uwanja pande zote nne, na ng'ombe hulala katikati. Mashimo huchimbwa, nguzo za panda husimamishwa kwa safu, udongo hushindiliwa kuzizunguka. Juu ya panda hulazwa boriti. Juu ya boriti hupangwa pau, karibu karibu. Juu ya pau huja fito, kisha maganda ya miti au nyasi zilizotandazwa kwa unene, na mwisho wa yote udongo.

Udongo huo ndio unaoleta hesabu ngumu kuliko zote. Tabaka la udongo mkavu lenye unene wa sentimita 15 hulemea kila mita ya mraba kwa zaidi ya kilo 200. Chumba kidogo cha mita tatu kwa mita tano kinabeba juu yake tani tatu na zaidi, na hapo mvua haijanyesha. Udongo ukinywa maji uzito unapanda. Hakuna aliyekuwa na mizani, wala hakuna aliyeandika jedwali la nguvu za miti, na bado watu walilala chini ya tani hizo maisha yao yote. Walijua kwa jicho umbali kati ya nguzo na nguzo, na walijua kwamba boriti inayoanza kupinda katikati inaongezewa nguzo leo, haingojewi kesho. Ndiyo maana ndani ya tembe za zamani kuna msitu mdogo wa nguzo, nyingine za siku ya kwanza, nyingine za miaka iliyofuata, kila moja ikiwa jibu la dalili aliyoiona mtu akiwa amelala chali.

Kuna jambo moja katika mpango huu ninalolistaajabia kuliko yote. Kuta hazibebi paa. Nguzo ndizo zinazobeba, na ukuta ni fito zilizosukwa kati ya miti na kukandikwa udongo, ili kuzuia upepo, mnyama na macho ya watu. Mvua ikiusomba ukuta mzima wa upande mmoja, paa hubaki pale pale, na ukuta mwingine hukandikwa chini yake bila mtu kuhama. Nguzo moja ikioza hubadilishwa peke yake. Mjenzi alikubali tangu mwanzo kwamba kila sehemu ya nyumba itakufa kwa wakati wake, akazipanga ili zisife kwa pamoja na isiwe lazima kuua nyingine ili kuiponya moja.

Kwa kukandika, udongo bora ni wa kichuguu. Mchwa hupandisha udongo laini kutoka chini sana, punje kwa punje, wakaugandisha kwa mate yao. Ukivunjwa na kulowekwa hutoa tope linalonata na kukauka gumu. Adui wa nguzo ndiye anayetoa lipu ya ukuta, na wajenzi wa bara hawakuona ajabu katika hilo. Udongo huchanganywa na majani makavu yaliyokatwa mafupi, hukanyagwa kwa miguu, huachwa ulale, hukanyagwa tena. Majani yanauzuia usipasuke unapokauka. Tabaka la kwanza hutupwa kwa nguvu ili lishike kwenye fito; likikauka na kupata nyufa, la pili hujaza nyufa hizo; la mwisho, jembamba, husiribwa kwa kiganja, mara nyingi likiwa na samadi ya ng'ombe ndani yake. Katika sehemu nyingi za bara kazi hii ya mwisho ilikuwa ya wanawake, na ukuta mzuri wa udongo ukiutazama jua likiwa la jioni bado unaonyesha mapitio ya vidole vya aliyeusiriba. Tunapoandika historia ya ujenzi tunawataja wakata miti na kuwasahau hawa, ilhali ni wao waliorudi kwenye ukuta uleule mwaka baada ya mwaka.

Lakini kwa nini paa la udongo katika nchi ya mvua? Dodoma hupata mvua ya milimita 500 na kitu hadi 600 kwa mwaka, na huko Ugogo tembe ina maana kamili: mvua chache, miti mirefu adimu, jua kali, baridi ya usiku. Tabora hupata kama milimita 900, zinazoanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na Ipole nayo iko katika mvua hizohizo. Hapo paa bapa ni shida ya kila mwaka. Maji hutafuta ufa. Yakiupata hushuka na kuozesha nyasi, halafu fito, halafu pau. Nyumba ya msonge, yenye paa la nyasi lililosimama, humwaga maji vizuri zaidi na hugharimu miti michache. Mnyamwezi aliijua msonge na aliijenga vizuri.

Jibu liko katika karne ya 19 na moto wake. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikavuka Ugogo, ikafika Unyanyembe, huko Tabora, na kutoka hapo iligawanyika kwenda Ujiji, kaskazini na kusini. Zilipita pembe za ndovu, zikapita shanga na vitambaa, wakapita wapagazi wa Kinyamwezi kwa maelfu, wakapita watu waliofungwa minyororo. Bunduki zilikuja na misafara hiyo. Kijiji chenye paa za nyasi kilikuwa kinateketezwa kwa kinga kimoja cha moto. Paa la udongo halishiki moto, na tembe iliyozunguka uwanja, yenye ukuta wa nje usio na dirisha na lango moja tu, ni ngome ambayo watu na mifugo yao wanaweza kuishi ndani yake. Watu walikubali kuvujiwa ili wasichomwe.

Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, jirani na Tabora ya leo, Novemba 1857, walipokewa na mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 Burton alitumia nafasi kubwa kueleza nyumba za nchi hii. Wafanyabiashara wa kutoka pwani na Oman walikuwa wameikuta tembe, wakaichukua wakaiongezea mambo ya kwao: kuta nene za udongo mtupu badala ya fito, baraza pana mbele yenye kivuli kizito na viti vya udongo vilivyotandikwa mikeka, milango mizito ya mbao, ua wa ndani. Nyumba mashuhuri zaidi ya aina hiyo ni ile ya Kwihara, kilomita chache nje ya Tabora, ambayo wageni wengi huijua kama tembe ya Livingstone.

Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta David Livingstone, alifika Kwihara Juni 1871 na msafara wake, akapewa nyumba ya kukaa. Agosti mwaka huo mtemi Mirambo wa Urambo aliwashinda Waarabu vitani na kuingia Tabora, na Stanley aliyekuwa ametoka kwenye mapigano hayo akaigeuza nyumba kuwa ngome, kwa kutoboa matundu ya bunduki kwenye kuta. Mwenzake John Shaw baadaye alikufa hukohuko Kwihara. Tarehe 20 Septemba Stanley aliondoka, na kwa kuwa Mirambo alikuwa ameifunga njia ya moja kwa moja ya Ujiji, alishuka kusini kupitia Ugunda, katika misitu ya upande huu wa Sikonge, kabla ya kupinda magharibi. Alimkuta Livingstone Ujiji. Wakarudi pamoja na kuingia Kwihara tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka Machi. Livingstone akabaki katika nyumba ile ya udongo akingojea wapagazi, miezi ya masika na ya kiangazi, hadi tarehe 25 Agosti. Hakurudi akiwa hai. Mwaka uliofuata watumishi wake Susi, Chuma na wenzao waliuleta mwili wake Unyanyembe kutoka Chitambo, alikofia, wakamkuta msafiri Mwingereza Cameron akiwa amepiga kambi katika nyumba zilezile, wakaendelea nao mpaka Bagamoyo.

Historia hii inasimuliwa sana, na kila inaposimuliwa nyumba hubaki kuwa mahali ambapo wazungu wawili walilala. Mimi nikiwaza Kwihara nawaza kwanza mikono iliyoibeba ile miti kutoka porini, ya watu huru na ya watumwa, katika mji ulioishi kwa pembe na kwa kuuza binadamu. Majina yao hayakuandikwa. Ila uamuzi wao bado unasomeka: boriti hii hapa, nguzo ile pale, ukuta unene huu. Kuusoma ufundi wao kwa uangalifu ni njia mojawapo ya kuwapa heshima waliyonyimwa.

Nguvu ya ujenzi huu ilionekana mara ya mwisho kwa Isike, mtemi wa Unyanyembe. Wajerumani walimshambulia mwaka 1892 wakarudishwa nyuma, na boma lake la miti na udongo halikuvunjika mpaka Januari 1893, Tom von Prince alipolivamia. Isike alijilipua kwa baruti zake mwenyewe kuliko kukamatwa. Baada ya hapo vita vilivyoifanya tembe iwe lazima vilikwisha, na sababu ya kuvumilia paa linalovuja ikaisha navyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, nayo ikaleta misumari na mabati. Serikali za kikoloni zilihamisha watu wa misitu ya magharibi na kuwakusanya katika makazi mapya kwa sababu ya malale, na miaka ya 1970 operesheni ya vijiji ikawahamisha wengine wengi. Tembe iliyoachwa na wenyewe huanguka upesi. Haihitaji adui, misimu michache ya mvua bila mtu wa kuziba ufa inatosha, na kinachobaki ni tuta la udongo lenye miche inayoota.

Hapa ndipo swali la kuhifadhi linapokuwa gumu, na huko Marekani liliwahi kuulizwa kwa namna inayofundisha. Abraham Lincoln alizaliwa mwaka 1809 katika kibanda cha magogo huko Kentucky. Kibanda kilichoaminiwa kuwa ndicho kiliwekwa ndani ya jengo kubwa la mawe lililokamilika mwaka 1911, kikalindwa dhidi ya mvua, jua na mkono wa mtu. Mwaka 2004 wataalamu walihesabu pete za umri katika magogo yake, na zikaonyesha kuwa miti hiyo ilikatwa yapata 1848, Lincoln akiwa mtu mzima aliyekwishaingia Bunge la nchi yake. Kwa upande mwingine wa dunia, hekalu la Ise nchini Japani hubomolewa na kujengwa upya kila miaka 20, kwa mapokeo ya zaidi ya miaka 1,300; mara ya mwisho ilikuwa 2013. Hakuna mbao ya kale pale. Kilicho cha kale ni seremala, kwa kuwa kila kizazi hupata nafasi ya kujifunza kwa kujenga kabla wazee hawajaondoka, na msitu wa kutoa mbao hizo hutunzwa kwa ajili hiyo.

Mimi nipo upande wa Ise. Tembe ya Kwihara tunayoiona leo, na rangi yake nyekundu ya udongo, imejengwa upya na kutengenezwa, na wapo wanaoshusha sauti wakilisema hilo, kana kwamba ni aibu. Si aibu. Tembe iliyokaa miaka mia moja bila kutengenezwa haijapata kuwapo. Hata Livingstone mwenyewe yaelekea alilala katika nyumba ambayo tayari ilikuwa na viraka, na angekaa mwaka mmoja zaidi angeshuhudia watu wakipanda juu ya paa na vikapu vya udongo. Kinachonitia wasiwasi ni aina ya matengenezo yanayowavutia watu wenye nia njema. Saruji hasa. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo hupendeza mwaka wa kwanza. Lakini udongo hupumua: hunywa unyevu wa ardhi na kuutoa kwa jua. Saruji huuzuia kutoka, maji hukusanyika nyuma yake, udongo wa ndani hulainika bila mtu kuona, na siku lipu inapobanduka hubanduka na kipande cha ukuta. Ukuta wa udongo hutibiwa kwa udongo. Ni kazi ya mara kwa mara, ni nafuu, na inataka mtu anayejua.

Mwaka 2006 Tanzania iliiingiza Njia Kuu ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayoweza kupendekezwa kuwa urithi wa dunia, na Kwihara imo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Ni hatua niliyoipenda. Ila orodha hulinda jengo na kiwanja chake, wakati nyumba hii inahitaji ulinzi uanzie mbali zaidi, kwenye miti ya Ipole. Sikonge na Urambo ni nchi ya tumbaku, na tumbaku inayokaushwa kwa joto la moto hula kuni: kila bani la kukaushia linataka magogo msimu mzima. Mizinga ya magome nayo ina deni lake, maana mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hufa umesimama. Warina wanaotumia mizinga ya magogo au ya mbao huuacha mti hai, na Ipole, ikiwa na jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayosimamiwa na vijiji vyenyewe, ina sababu ya kuuona msitu kama mali ya kudumu. Wakipoteza mninga na mkora, Kwihara itabaki ikitengenezwa kwa mikaratusi iliyonunuliwa mjini, ambayo mchwa hawataichelea, na ndani ya miaka michache mtu ataamua kwamba ni rahisi zaidi kupiga zege.

Ningependa kuona makumbusho ya Kwihara yakiagiza nguzo zake Ipole kwa majina ya miti, miaka kadhaa kabla ya kuzihitaji, zikatwe kwa kibali na zikaushwe inavyopasa. Ningependa matengenezo ya Oktoba, kabla ya mvua za kwanza, yafanywe mchana mbele ya watu, wanafunzi wa Tabora wakiwa wamevua viatu wakikanyaga udongo. Mara nyingi nyumba ya kihistoria hufungwa inapotengenezwa, kana kwamba matengenezo ni jambo la kuficha, wakati hiyo ndiyo siku pekee ambayo mgeni angeuona ufundi wenyewe ukiwa kazini badala ya kusoma maelezo ukutani. Na ningependa warina asali walipwe kama mafundi, maana wanayoyajua kuhusu mti, gome na kamba hayajaandikwa popote kwa ukamilifu.

Kubadilisha nguzo iliyooza ndiko kunakopima yote hayo. Kwanza boriti huegemezwa pande mbili za nguzo mbovu kwa miti ya muda, yenye panda, iliyokaziwa chini kwa vipande vya mbao vinavyogongwa kidogo kidogo mpaka sauti ya boriti ibadilike. Fundi husikiliza zaidi kuliko anavyotazama, kwa sababu mti unaoanza kubeba hulia kabla haujasogea. Udongo kuzunguka mguu huchimbuliwa. Nguzo ya zamani hukatwa chini ya panda, ikatolewa vipande vipande. Mpya, iliyochongwa hadi kiini na kuunguzwa mguu, huingizwa kwa mshazari, husimamishwa, hugongwa mpaka panda yake iipokee boriti pale pale ilipokuwa, halafu shimo hushindiliwa kwa changarawe na udongo mkavu. Miti ya muda huondolewa mmoja, watu wakisubiri, kisha wa pili. Juu hakuna ufa mpya. Halafu mafundi huketi na ile nguzo iliyotoka, huupasua mguu wake na kuukagua: weupe ulibaki upande upi, mkaa uliishia wapi, mchwa waliingilia wapi. Anayefundishwa huulizwa aeleze, na akikosea huulizwa tena.